Kozi ya Ufundi Itungwe na Nani? Fikra Kutoka Mikindani



Likizo iliyopita tulikuwa nyumbani Mikindani, sisi waseminari watatu tunaosoma falsafa. Tulisaidia kazi za kigango na kutembelea jumuiya ndogo ndogo. Jioni moja, baada ya sala ya jumuiya, mama mwenye nyumba alituletea bahasha ya kaki. Ndani yake kulikuwa na cheti cha mwanawe, cha ufundi wa kuchomelea vyuma. Cheti kilikuwa safi, hakina hata kunjo. Kijana mwenyewe siku hizi anaendesha bodaboda ya mtu, na kila jioni anapeleka hesabu kwa tajiri wake.

"Wanangu, ninyi mnasoma," mama alituambia. "Niambieni, mwanangu alikosea wapi?"

Hatukuwa na jibu siku ile. Kesho yake tulimtafuta kijana kijiweni, akatusimulia bila hasira. Chuoni walikuwa wengi kwa mashine moja, na vijiti vya kuchomelea viliisha kabla ya muhula kwisha, kwa hiyo sehemu kubwa ya ufundi aliinakili kutoka ubaoni. Alipopelekwa kiwandani kwa mafunzo ya vitendo, alifagia karakana na kutumwa chai kwa wiki kadhaa, maana mle ndani hakuna aliyejua kijana huyu amekuja kujifunza nini. Baadaye aliomba kazi mahali pengine. Akapewa bomba nene lililofungwa lisigeuke, achomelee kwa kulizunguka. Hakuwahi kufanya hivyo maishani. Akashindwa, akarudishiwa bahasha yake.

Tumeitafakari simulizi hii tangu turudi seminarini, na sasa tuna jibu la kumpelekea mama yule. Kijana hakukosea. Kosa ni kwamba waliomfundisha na waliotakiwa kumwajiri hawakuwahi kuketi pamoja na kuulizana: huyu akimaliza, awe anaweza kufanya nini? Makala hii inahusu kikao hicho ambacho hakikufanyika. Tunaamini kinapaswa kufanyika, na zaidi ya hapo tunaamini ni lazima tuangalie kwa makini nani anaalikwa.

Sisi watu wa Kusini tumewahi kuona mambo makubwa yakija na kuondoka. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya sehemu zake. Kwa ajili ya mradi huo bandari yenye kina kirefu ilijengwa Mtwara, na reli ikawekwa kuiunganisha na Nachingwea. Mikindani, mji wa kale wa majahazi, ikaanza kupitwa na mji mpya uliozaliwa jirani. Mwaka 1951 mradi ukavunjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na kung'olewa. Bandari ilibaki, na hadi leo inatusaidia. Lakini mtu aliyejifunza kazi moja tu ya mradi ule alibaki na ujuzi usio na mahali pa kuutumia.

Kisha ikaja gesi. Ilikuwa imegunduliwa Mnazi Bay, kule Msimbati, tangu mwaka 1982, ila matumaini makubwa yalipanda baada ya ugunduzi wa kina kirefu baharini, miaka ya 2010 na kuendelea. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 2013, wakati suala la bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam lilipozua machungu na ghasia Mtwara, na watu wakapoteza maisha. Chini ya machungu yale kulikuwa na swali lile lile la mama mwenye bahasha: sisi na watoto wetu tumo wapi katika jambo hili?

Kulikuwa na jaribio la kulijibu swali hilo kwa elimu, na haki lisemwe. Mwaka 2012 Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, pamoja na shirika la VSO na kampuni ya gesi ya BG, walianza mradi katika chuo cha VETA Mtwara wa kuwaandaa vijana waajirike. Wazo lilikuwa jema. Kampuni ilieleza viwango vinavyotakiwa katika kazi za gesi, na walimu wakanolewa upya. Usalama kazini na Kiingereza cha karakana vikatiliwa mkazo, na vijana wakaandaliwa kwa vyeti vya City & Guilds vinavyotambulika kimataifa. Baadaye kazi hiyo ikafika Lindi pia. Hapo chuo na kiwanda viliketi meza moja kweli.

Lakini tazameni kilichofuata. Mwaka 2016 BG ilinunuliwa na Shell. Kiwanda kikubwa cha kugeuza gesi kuwa kimiminika, kilichopangwa kujengwa Likong'o mkoani Lindi, hadi leo hakijajengwa. Vijana waliofunzwa vizuri walipata faida ya mafunzo mazuri, hilo hatulikatai, kwani fundi aliyezoea usalama na vipimo sahihi anafaa popote. Ila ajira nyingi walizoziota zilikuwa zimefungwa kwenye mlango mmoja, na mlango huo umechelewa kufunguka.

Basi kuna makosa mawili. La kwanza ni lile lililompata kijana wa bodaboda, la chuo kutunga kozi peke yake huku walimu wakifundisha walichofundishwa wao miaka ishirini iliyopita. La pili ni chuo kutunga kozi na kampuni kubwa moja peke yake, kisha kungoja. Aliyeponyoka kosa la kwanza asijisifu kama amekimbilia la pili.

Wengine watasema: kama ni hivyo, wenye viwanda wakae mbali, maana wakipewa nafasi watawafanya watoto wetu kuwa spea za mashine zao. Hofu hiyo ina msingi, na Mama Kanisa anaijua. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981 kuhusu kazi ya binadamu, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, na mtu hakuumbwa kwa ajili ya kazi. Tena kwamba mfanyakazi anatangulia mtaji. Kozi inayomtengeneza kijana awe kiungo cha mtambo mmoja tu inakwenda kinyume cha mafundisho hayo, hata kama kijana atapata mshahara kwa miaka mitano.

Hata hivyo waraka ule ule unatufundisha jambo lingine ambalo halisemwi mara nyingi. Papa anatofautisha mwajiri wa moja kwa moja na mwajiri asiye wa moja kwa moja. Wa kwanza ni yule anayekulipa. Wa pili ni wote wanaoweka mazingira ambamo kazi yako inapatikana au inakosekana, yaani dola, sheria, taasisi na mikataba. Kwa maoni yetu, anayetunga mtaala wa ufundi ni mwajiri wa namna hiyo ya pili. Hamlipi kijana shilingi, lakini akiandika mtaala vibaya amekwisha kumnyima kazi kabla hajaiomba. Kwa hiyo kutunga kozi ni jambo la haki. Nalo si la maofisa na wataalamu peke yao.

Kanuni ya auni inatufundisha kwamba lile linaloweza kufanywa na walio karibu na jambo lisinyakuliwe na walio mbali. Mtaala wa taifa una kazi yake, nao hulinda viwango ili fundi wa Mtwara na fundi wa Mwanza wapimwe sawa. Lakini nani anajua kama Mikindani mwaka huu kunatakiwa mtu wa kutengeneza injini za boti, wa majokofu ya samaki, au wa mashine za kubangulia korosho? Ni wanaoishi hapa.

Hapa tunawaomba wasomaji mtembee nasi hadi ufukweni kwetu. Kwenye ghuba yetu bado wapo mafundi wa mashua. Fundi anachonga mataruma kwa tezo, anatoboa kwa keekee, kisha anakalafati kwa pamba na mafuta ili maji yasipenye. Vijana wawili watatu wako naye, wanashika, wanatumwa, wanakosea, wanasahihishwa. Hapo shule na kiwanda ni kitu kimoja. Chombo kikishushwa majini kinavuja au hakivuji. Mtihani ni bahari yenyewe. Hakuna kijana anayemaliza kwa fundi mashua bila kuwahi kushika tezo.

Lakini tusiwe wapenda kale kupita kiasi. Aristotle, tunayemsoma darasani, anatofautisha mwenye uzoefu, anayejua kwamba jambo liko hivi, na mwenye ufundi wa kweli, anayejua kwa nini liko hivyo na kwa sababu hiyo anaweza kufundisha. Fundi wa ufukweni anajua mengi ambayo hayajaandikwa, na mwanafunzi wake akihamia mji mwingine hana karatasi ya kuonyesha. Mbao za zamani zimeadimika, injini zimechukua nafasi ya tanga, na vyombo vya fibaglasi vinaingia. Fundi anahitaji shule kama shule inavyomhitaji fundi. VETA tayari ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya madarasa, ambapo fundi wa mtaani anapimwa na kupewa cheti. Tunaupongeza, ila tunataka uvuke hatua moja zaidi: fundi huyo asiitwe kupimwa tu, aitwe pia kushauri. Anayestahili cheti kwa ujuzi wake anastahili na kiti mezani.

Wapo wanaouliza: viwanda vyenyewe viko wapi Kusini, hata tuzungumze habari za meza? Vipo. Kiwanda cha saruji cha Dangote, kilichozinduliwa Oktoba 2015 na chenye uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka, kinahitaji mafundi umeme, mafundi mitambo na madereva wa magari makubwa. Bandari ipo. Korosho tunalima kuliko mkoa mwingine wowote nchini, lakini sehemu kubwa inasafirishwa ghafi, na viwanda vingi vya kubangua vilivyojengwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 vilisimama. Mtu akitaka kufufua ubanguaji atahitaji mafundi wanaoijua mashine ile na wanaolijua tunda lile. Na hapa hapa Mikindani boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1895 lilikarabatiwa na shirika la Trade Aid la Uingereza likawa hoteli, ambamo vijana wa mji huu wamejifunza upishi na huduma za wageni wakiwa kazini. Ni mfano mdogo wa mahali pa kazi panapokubali kuwa pia mahali pa kufundishia.

Tena waajiri hawa si wageni katika jambo hili. Kwa sheria za nchi, mwajiri mwenye idadi ya wafanyakazi iliyotajwa analipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, inayokokotolewa kwa jumla ya mishahara anayolipa. Mwaka 2023 kiwango kilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Anayechangia harusi hujua ukumbi ulipo na kuulizia mambo yanakwendaje. Mbona mwajiri anachanga kila mwezi na hajawahi kuingia katika karakana ya chuo cha jirani yake? Na chuo nacho, mbona hakijamwalika?

Jambo hili limekuwa la haraka zaidi sasa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari, ambapo mwanafunzi anasoma masomo pamoja na fani ya ufundi. Tunaufurahia uamuzi huu. Lakini tukijenga karakana mpya na kuendelea na ukimya ule ule wa zamani, tutakuwa tumezidisha bahasha za kaki. Badala ya kijana mmoja kijiweni tutakuwa na darasa zima.

Tunapendekeza basi mambo manne, yote ya kiasi, yasiyongoja mfadhili.

Kwanza, kila chuo cha ufundi na kila shule yenye mkondo wa amali iwe na kikao cha mwaka cha kupitia kozi zake, na walioalikwa wajulikane. Awepo mwenye kiwanda. Awepo mwenye karakana ya barabarani mwenye mashine mbili. Awepo fundi mashua au mvuvi. Awepo mfanyakazi wa kawaida, maana mwenye kiwanda anajua anachotaka kununua, ila mfanyakazi anajua kazi inavyoumiza mgongo na macho. Ujerumani, ambako wanafunzi wa ufundi hugawa muda wao kati ya chuo na kiwanda, mitaala hupangwa na waajiri, vyama vya wafanyakazi na serikali kwa pamoja. Na awepo mhitimu wa mwaka uliopita, hasa yule aliyekosa kazi. Yeye ndiye ripoti ya kweli ya chuo.

Pili, kijana anapopelekwa kiwandani aende na karatasi iliyosainiwa na pande zote mbili, inayosema atafundishwa nini na nani. Ufagio anaweza kuushika pia, kwani hakuna karakana isiyofagiliwa. Lakini asishike ufagio peke yake.

Tatu, mwalimu naye aende. Mwalimu wa ufundi akipata wiki chache kila mwaka za kufanya kazi kiwandani au kwa fundi, atarudi darasani na jambo la kusema. Sisi waseminari tunapelekwa parokiani kwa uchungaji ili tusije tukahubiri mambo ya vitabuni tu. Kwa nini mwalimu wa uchomeleaji asipate neema hiyo?

Nne, kila kozi isimame kwa miguu miwili. Mguu mmoja ni stadi inayofaa popote: vipimo, kusoma mchoro, usalama, hesabu ya gharama, lugha ya kazi, uaminifu. Mguu wa pili ni mahitaji ya mwajiri wa mahali pale kwa wakati ule. Mwajiri akiondoka, kijana abaki amesimama kwa mguu mmoja akitafuta pa kuuweka wa pili.

Nasi Wakatoliki tuanze na nyumba yetu wenyewe. Wamisionari Wabenediktini walipofika Ndanda mwaka 1906 na kuendelea, walijenga kanisa, shule na hospitali, na vijana wa hapa walijifunza useremala na uashi katika ujenzi ule ule. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto ina sura nzima, ya 57, kuhusu mafundi wa monasteri. Inawataka wafanye kazi kwa unyenyekevu, na inakataza udanganyifu katika kuuza kazi zao. Je, vituo vyetu vya ufundi vya leo, vya majimbo na vya mashirika ya watawa, vinakaa na waajiri wa jirani? Au navyo vinafundisha cherehani na useremala kwa sababu ndivyo vilivyokuwapo tangu mwanzo? Tena meza yetu isiwe ya Wakatoliki tu. Mikindani vijana wengi ni ndugu zetu Waislamu, na njaa ya kazi haiulizi mtu anasali wapi. Paroko na imamu wakiwaalika kwa pamoja wenye karakana wa mji mmoja, ni nani atakataa kuja?

Wasomaji wengine watatuuliza: ninyi waseminari wa falsafa, haya yanawahusu nini? Yanatuhusu kwa sababu tutakuwa mapadre, Mungu akipenda, na watu watatuletea bahasha. Tukiwa hatujui kwa nini kijana mwenye cheti hana kazi, tutamwambia asali na avumilie. Kusali ni kwema na uvumilivu ni fadhila. Lakini kumwambia mtu avumilie jambo ambalo watu kumi wangeweza kulirekebisha kwa kuketi pamoja asubuhi moja, huko ni kumwongezea mzigo. Mtakatifu Yosefu hakumfundisha Yesu ubaoni. Alimfundisha karakanani, kwa kazi zilizohitajiwa na watu wa Nazareti, na alimfundisha kama mwana.

Likizo ijayo tutarudi kwa mama yule. Tutamwambia kwamba mwanawe hakukosea. Tena tumekubaliana tusiende mikono mitupu: tumemwomba paroko nafasi katika ukumbi wa parokia, na tutawaalika wachomeleaji wa Mikindani, mwalimu wa ufundi, na kijana mwenyewe, waketi pamoja kwa mara ya kwanza. Huenda siku hiyo wasipatikane zaidi ya watu sita. Kijana ameahidi kuja na bodaboda yake, na ameomba kikao kiwe mapema, kabla ya saa za abiria.